Jinsi Nilivyoshona Yehova Nisi

Juma lililopita niliifunika cherehani yangu kwa shuka, na mafundi wadogo wa hapa Homa Bay wakaninunulia keki ambayo waliila wenyewe, maana daktari amenikataza sukari. Walipomaliza kulamba vidole wakaniambia niwaandikie mambo niliyoyaona kazini. Nimekubali. Ila sitaandika habari za mashine ngapi nilinunua na nyumba gani nilijenga. Hayo waulizeni majirani, wanayajua kuliko mimi.

Nilianza kazi Isebania, mwanzoni mwa miaka ya tisini, chini ya fundi mmoja aliyeitwa Nashon. Siku ya kwanza nilijishona kidole. Sindano iliingia kwenye ukucha ikatokea upande wa pili, nikapiga ukelele uliofika Sirare, ng'ambo ya mpaka. Nashon aliacha pasi yake ya makaa, akaja mbio, akaniuliza kama damu imefika kwenye kitambaa. Haikuwa imefika. Akasema basi hakuna ajali iliyotokea, akarudi kwenye pasi yake.

Jambo moja alinifundisha ambalo sijawahi kuliona limekosea. Alisema mteja haji kutafuta nguo, anakuja kumshinda mtu fulani. Ukishamjua huyo mtu, kipimo utakipata bila hata kushika futikamba. Bibi harusi anamshinda rafiki yake aliyeolewa Agosti. Mwalimu mkuu anamshinda mwalimu mkuu wa ng'ambo ya mto. Niliambiwa mapema hivyo, na bado ilipofika zamu ya bendera nilijifanya sijui.

Baada ya miaka miwili nilihamia Migori mjini, nikapata nafasi kwenye baraza la duka la vitambaa la Bwana Twahir, mtu wa Mombasa, Mwislamu wa swala tano na utani wa siku nzima. Yeye alinifundisha vitambaa. Alikuwa akivuta uzi mmoja kutoka kwenye jora, anauchoma kwa kiberiti, ananinusisha. Ukinuka kama karatasi, hiyo ni pamba. Ukijikunja ukawa kishanga kigumu, hiyo ni nailoni, na anayekuambia ni pamba hafai kukopeshwa hata kijiko. Kiswahili changu pia alikichoma na kukinusa kila siku, na nikiandika vizuri hapa msinisifu mimi.

Wateja wangu wengi walikuwa watu wa kanzu. Mnayajua makanisa yale ya ngoma na misalaba mikubwa kifuani, ambayo muumini haamui mwenyewe avae rangi gani, huoteshwa. Kwa hiyo nyinyi mnaoletewa picha kwenye simu siku hizi msinililie. Mimi nililetewa ndoto. Mzee mmoja kutoka Sori alioteshwa kanzu ya rangi ya ziwa kabla ya mvua. Twahir alishusha majora saba, mzee akakataa yote, mwisho akaona kitambaa cha kijivu cha kutilia ndani ya makoti, akaanza kuimba palepale. Mama mwingine alioteshwa kanzu yenye msalaba mmoja mwekundu mgongoni. Siku ya pili yake akaja mke mwenzake, ambaye usiku huohuo alikuwa ameoteshwa kanzu kama hiyo, ila yenye misalaba miwili. Nilishona zote. Fundi habishani na Roho Mtakatifu, anauliza tu kama mikono iwe mirefu au mifupi.

Na nilishona bendera. Kwa watu hawa bendera si pambo. Inatangulia mbele ya msafara, mbele ya ngoma, mbele ya jeneza. Mpya haifunguliwi mpaka iombewe mahali itakaposimama, kwa hiyo fundi anaikunja, anaifunga kwa uzi mwekundu, na mwenyewe anaipokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto aliyelala. Nyingi waliagiza ziandikwe YEHOVA NISI. Nilizishona herufi hizo mara nyingi hata ningeweza kuzikata nikiwa nimefumba macho.

Siku moja Twahir, akinywa kahawa yake, akaniuliza, "Fundi, hebu niambie. Yehova nimemsikia. Nisi ndiyo nini?"

Nikasema ni Kiebrania.

"Najua si Kijaluo. Nauliza maana yake."

Sikujua. Mimi Dorka, mtoto wa shemasi, niliyepewa jina la mshonaji wa kwenye Maandiko, nilikuwa nimeshona jina la Mungu miaka mitano kama mtu anavyoshona namba kwenye jezi. Niliona haya, nikainama kutafuta bobini ya uzi ambayo haikuwa imepotea.

Ndipo wakaja wale ndugu wawili. Kanisa lao silitaji, wenyewe wapo na bado wananisalimia. Lilianzishwa na mama yao, Dani Yunia wa Lambwe. Dani ndivyo tunavyowaita nyanya zetu, na yeye alikuwa nyanya wa kila mtu. Wanawe, Askofu Zadoki wa Migori na Mchungaji Elkana wa Homa Bay, waliongoza pamoja mpaka walipokosana kuhusu ngoma. Zadoki alisema kwenye mazishi ngoma ipigwe njiani. Elkana alisema ingoje wafike kaburini. Mnacheka, lakini kwa hilo kanisa lilipasuka katikati, watu wakaacha kusalimiana, na ndugu wawili waliokula sahani moja wakawa wanapishana njiani kila mmoja akitazama kando. Bendera ya kanisa ilibaki kwa mama yao, nyuma ya mlango. Kila mmoja alikwenda kuiomba kwa siri, na kila mmoja alirudi mikono mitupu.

Jumatatu akaja Zadoki. Alitaka bendera kubwa ya YEHOVA NISI, ya siku kubwa.

"Siku gani, Baba Askofu?"

Akashusha sauti. "Mama amezeeka. Miguu inavimba, daktari anasema ni moyo. Siku ikifika mimi ndio mtoto wa kwanza, bendera yangu ndio itatangulia. Weka futi nane."

Alhamisi akaja Elkana, akashusha sauti vilevile, akataka bendera ileile kwa siku ileile. Kisha akasogea karibu na meza. "Nyar Karungu," akasema, maana kwetu mwanamke huitwa kwa alikozaliwa, "nasikia kuna mtu mwingine alileta kazi kama hii. Hiyo yake iko futi ngapi?"

"Hiyo ni siri ya mteja, Mchungaji."

"Lakini wewe ukiangalia tu na macho?"

Hapa naungama. Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimewachoka wote wawili, na kuna shetani mdogo anayekaa kwenye kikapu cha nyuzi. Nikasema kwa macho naona kama nane. Elkana akasema yake iwe tisa. Jumatatu iliyofuata Zadoki alipita kunisalimia tu, hivyo alivyosema, akaona chaki ya tisa kwenye kitambaa, akataka yake ifike kumi. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Kabla mwezi haujaisha Zadoki alikuwa kwenye futi kumi na tano na Elkana kumi na sita, na Twahir akauliza kama tunashona bendera au hema la harusi.

Niliwauliza maana ya jina pia, ili nipate jibu la kumpelekea Twahir. Zadoki alisema maana yake ni kwamba tutashinda. Nikauliza tutamshinda nani, akatazama upande wa Homa Bay. Elkana alisema maana yake adui ataaibika, akatazama upande ambao Zadoki alikuwa amepaki baiskeli wiki iliyopita.

Nilikuwa nachora herufi ya kwanza wakati kivuli kilipoingia mezani. Alikuwa Dani Yunia mwenyewe, ametoka Lambwe peke yake, kanzu nyeupe, miguu imevimba ndani ya champali. Alikaa kwenye benchi la wateja, akapumua kwanza.

"Wewe ndio Nyar Karungu?"

"Ndio mimi, Dani."

"Nasikia unashona matanga yangu. Na mimi bado nakula."

Nilimletea maji. Akayanywa yote, akauliza bendera zimefika futi ngapi. Nilipomwambia kumi na tano na kumi na sita alicheka mpaka akashika meza, na mimi nikacheka, na Twahir ndani ya duka akacheka bila kujua kwa nini. Kisha akaacha ghafla, akajipangusa macho kwa ukingo wa kanzu.

"Mimi siogopi kufa," akasema. "Naogopa hiyo siku. Juzi huko Nyatike watu wa kanisa walipigana juu ya jeneza mpaka ikaanguka. Hawa wangu watapigana, nyathina, mwanangu. Nitalala hapo na watoto yangu wanatoana damu juu ya nani atatangulia, na sitaweza kuinuka niwachape."

Nikamuuliza lile swali langu, nafikiri kwa sababu sikuweza kuutazama uso wake. Nikasema, Dani, Nisi ni nini?

Akanitazama kama niliyemuuliza chumvi ni nini. "Ni bendera. Bwana ni bendera yangu. Musa alisema hivyo wakimaliza kupigana na Amaleki. Sasa wewe fundi niambie. Siku hiyo nani alishona?"

Nikafikiri. Nikakumbuka kulikuwa na kilima, na Musa juu yake na fimbo, na jiwe alilokalia alipochoka. Haruni upande mmoja na Huri upande mwingine, wakimshikilia mikono isianguke mpaka jua lilipozama. Kisha madhabahu, ndiyo iliyopewa jina. Nikasema sioni fundi.

"Hakuna fundi. Hakuna hata kitambaa. Mungu mwenyewe ndio bendera. Na bendera ni ya nini? Si ya kuonyesha adui. Adui anajua uko wapi, ndio maana anakupiga. Bendera ni ya mtu wako. Vita ikichanganya, vumbi imejaa macho, amepotea, anaangalia juu anaona, kumbe watu wetu wako pale. Anarudi." Akagusa kile kitambaa mezani. "Hawa watoto wametengeneza ya kufukuzana."

Hiyo ndiyo theolojia yangu yote. Nimesikia mahubiri mengi tangu siku hiyo, mengine ya wasomi, na bado sijapata ya kuizidi.

Kisha akaniagiza. Alitaka nichukue bendera moja, ya futi kumi na sita, niikate katikati. YEHOVA kwa Zadoki, NISI kwa Elkana. Pale zinapokutana, upande mmoja niweke vifungo na upande mwingine matundu. Nizikunje na kuzifunga kwa uzi mwekundu, kila mmoja apokee yake, na kwa kuwa bendera haifunguliwi kabla ya kuombewa, wasingejua mpaka siku yenyewe.

"Vifungo vingapi, Dani?"

"Kumi na mbili."

"Kama mitume?"

"Kama dakika. Kila kifungo dakika moja. Na hizo shimo uzibane. Nataka wasimame karibu."

Nilimwambia ukweli, kwamba ananiomba niwadanganye wateja, na kwamba fundi akijulikana hivyo mara moja hana kazi tena. Akasema anajua. Akasema kama naona siwezi, niseme sasa hivi, maana safari ya kurudi ni ndefu. Nilimtazama miguu. Nikasema nitafanya.

Nilikaa siku tatu bila kugusa kazi ile. Niliogopa, na niliona aibu pia, kwa sababu zile futi kumi na sita nusu yake zilikuwa mdomo wangu. Twahir aliniona. Nikamweleza yote, akaingia ndani, akarudi na vifungo kumi na viwili vyeusi vya makoti makubwa, kila kimoja kama jicho la ng'ombe. Akasema habari za bendera zetu hazimhusu, lakini mama ni mama, na vifungo hivyo ni zawadi yake kwa Dani.

Sasa sikilizeni, nyinyi mnaotoboa matundu kwa mashine. Kitambaa cha bendera ni drili, pamba nzito, iliyokunjwa mara mbili, na tundu lake linashonwa kwa mkono, uzi juu ya uzi, mpaka ukingo usimame. Nililibana kila moja kiasi kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kukipitisha kifungo. Lazima mmoja avute kitambaa, mwingine asukume. Nilijaribu na Twahir, tukatokwa na jasho. Na kwa kuwa nusu bendera ni nyepesi, nilijaza ndani ya kila furushi mabaki ya sare za shule mpaka uzito ukalingana na kiburi cha mwenyewe. Zadoki alilipima lake mikononi, akatabasamu. Elkana alilipima lake, akauliza kama kweli la mwenzake ni jepesi kidogo.

Dani Yunia alifariki msimu wa mavuno. Niliposikia nilimlilia kwanza, kisha nikajililia mwenyewe, maana mtu pekee aliyeweza kunitetea ndiye aliyekuwa ndani ya jeneza.

Sikulazimika kwenda Lambwe, lakini nilikwenda. Niliona watu wa Zadoki upande wa kulia na watu wa Elkana upande wa kushoto, jeneza katikati, na baina yao nafasi ya kupita ng'ombe kumi. Chifu alikuwa ameleta askari wawili. Kila upande ulikuwa na ngoma zake na vijana wa shingo nene waliokuja na fimbo za kutembelea, ingawa hakuna aliyechechemea. Nilikaa na wanawake wa jikoni, karibu na njia ya kutokea.

Zadoki alitangulia, kama mtoto wa kwanza. Aliombea furushi lake kwa sauti ya kuvuka ziwa, akakata uzi mwekundu, akalikung'uta juu. Mabaki ya sare yakamwagika, kijani ya msingi na buluu ya sekondari, yakamfunika viatu. Kisha kitambaa kikafunguka. YEHOVA. Na baada ya hapo ukingo, na matundu kumi na mawili ya kutazamia upande wa pili.

Watu wa Elkana walicheka. Walicheka vibaya, na fimbo chache zikainuliwa upande wa kulia. Elkana mwenyewe alicheka huku akikata uzi wake, kwa hiyo alikuwa bado ana meno nje wakati mabaki yake yalipomwagika na vifungo vikaning'inia mbele ya watu wote. NISI.

Nilisikia sufuria ikichemka nyuma yangu.

"Nyar Karungu yuko wapi?" Zadoki akauliza.

Nilisimama. Nikasema, "Nilishona kama nilivyotumwa, Baba Askofu."

"Ulitumwa na nani?"

Nikaelekeza kidevu kwenye jeneza.

Walitazama pale. Walitazama muda mrefu, wanaume wawili wazima, kila mmoja ameshika kipande chake cha Mungu. Upepo wa Lambwe ukaanza kukivuta kitambaa cha Zadoki upande huu na cha Elkana upande ule. Mimi nilikuwa nimeanza kuhesabu hatua mpaka barabarani. Kisha Elkana akaivuka ile nafasi, akafika mpaka kwa kaka yake, akasema maneno mawili, ya kwanza kumwambia tangu wakosane.

"Shika hapo."

Zadoki akashika. Elkana akasukuma kifungo cha kwanza, kikagoma. Akasukuma tena, Zadoki akavuta, kikapita. Cha pili. Kwenye cha tano Zadoki alikuwa analia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, kamasi zilishuka bila mtu wa kuzipangusa, mpaka Elkana akatumia mkono wa kanzu yake mwenyewe. Cha kumi na moja nilikuwa nimekibana kupita kiasi, nakiri, na walikaa nacho muda wa kuimba wimbo mzima. Hakuna aliyewasaidia. Zile fimbo nilikuja kuziona baadaye zimekuwa kuni jikoni kwetu. Nililia bila aibu, na nikajua kwamba hata wakinifukuza mjini, kazi ile nimeimaliza.

Ngoma? Ilipigwa njiani, na ilipigwa tena kaburini. Hakuna aliyetaja.

Msidhani kanisa lilirudi kuwa moja. Jioni ile ndugu walifungua vifungo, kila mmoja akaondoka na kipande chake, na makanisa ni mawili mpaka leo. Ila mtu akifa upande wowote, haiwezekani kumzika na nusu ya jina, kwa hiyo wa upande ule hutumwa kwenda kuwaita wa upande huu, nao huja, husimama karibu, hufunga vifungo. Mimi sikupoteza mteja hata mmoja. Nilipata wapya, na nusu yao waliniuliza kwa wasiwasi kama mama zao wamewahi kupita kwangu.

Miaka mingi baadaye nilihamia hapa Homa Bay. Siku moja wakaja wote wawili, wamezeeka, wakibishana tangu mlangoni. Kifungo cha nne kilikuwa kimekatika. Zadoki alisema Elkana husukuma kwa hasira. Elkana alisema Zadoki huvuta kama mtu wa kufunga ng'ombe. Niliitandaza bendera mezani. Matundu yalikuwa yamelegea kwa kutumika, ukingo umekwanyuka, na nikawahurumia kwa mizunguko yote ile. Nikawaambia kuna njia rahisi. Naweza kupitisha mashine hapa katikati, dakika tano, iwe kitambaa kimoja, isiwasumbue tena.

Wote wawili wakaweka mikono juu ya bendera kwa pamoja, kama niliyetaka kuiiba.

"Hapana," Zadoki akasema. "Weka tu kifungo."

"Ukiishona," Elkana akasema, "nani atamtafuta mwenzake?"